Ada Imelipwa, Saa 300 Atazibeba Nani? Tathmini ya skolashipu na ulezi wa kitaaluma kwa wanawake vijana wa fani ya fedha

Matangazo ya skolashipu kwa wanawake wanaoingia fani ya fedha yanafanana kama mapacha. Neno "ufadhili" liko juu kwa herufi nene, na orodha ya visivyolipwa iko chini kabisa, kwa maandishi ya kusomea kwa miwani. Kwa hiyo hapa hatupimi ukubwa wa hundi. Tunapima jambo moja: kati ya siku unayojaza fomu na siku unayopata kazi ya kwanza, programu inakubebea mzigo upi, na upi unakuachia kichwani?

Ada ya mtihani ndiyo mzigo rahisi kufadhili, kwa kuwa ni namba moja kwenye ankara. Kinachowakwamisha wengi ni saa za kusoma, kazi ya kwanza inayotaka uzoefu ambao huna, na kukosa mtu wa kukuambia kwamba jibu lako la usaili lilikuwa sahihi ila ulilitoa kama mtu anayebahatisha.

Tuanze na CFA Institute, taasisi inayotoa cheti cha CFA cha uchambuzi wa uwekezaji, maana ndiyo inayoulizwa kuliko zote. Ina skolashipu kadhaa. Zinazohusika zaidi hapa ni Women's Scholarship, na Access Scholarship kwa mwenye uhitaji wa kifedha. Zote mbili hupunguza ada ya kujisajili kwa mtihani. Haziifuti. Hilo peke yake huwashtua waombaji: barua ya pongezi inaingia asubuhi, na kufikia jioni wamegundua kuna salio la kulipa ndani ya muda maalumu. Pesa ya salio iwe imetengwa kabla hujaomba. Kosa la pili ni kujisajili kwa bei ya kawaida ili "kuwahi nafasi" huku majibu ya skolashipu yakisubiriwa. Punguzo halirudi nyuma, ukishalipa, umeshalipa. Subiri jibu kwanza, ndipo ujisajili.

Kuna na vitu ambavyo skolashipu haivigusi kabisa. Vikokotoo vinavyoruhusiwa kwenye chumba cha mtihani ni vya familia mbili tu, Texas Instruments BA II Plus na Hewlett Packard 12C. Kile cha shule kinabaki mlangoni. Kitambulisho, kwa watahiniwa wengi, ni pasipoti ya kusafiria iliyo hai, na jina la usajili lifanane nayo. Hapa wanawake hukwama kwa namna ambayo wanaume hawaijui: shahada ina jina la baba, pasipoti ina jina la mume, akaunti ya mtihani ilifunguliwa kwa jina la tatu la barua pepe. Rekebisha jina siku unayofungua akaunti. Wiki ya mtihani utakuwa umechelewa. Ongeza nauli ya kufika kituoni na ada ya kubadilisha tarehe ukipata dharura, na utaona kwamba mfadhiliwa naye anahitaji bajeti.

Mzigo mkubwa ni muda. CFA Institute yenyewe hushauri kama saa 300 za maandalizi kwa kila ngazi, na ngazi ni 3. Kwa miezi 6, hizo ni saa 11 na nusu kila wiki bila kuruka hata moja. Ngazi ya kwanza ina maswali 180 ya kuchagua jibu, yamegawanywa vipindi viwili vya saa 2 na dakika 15. Maana yake ni sekunde 90 kwa swali. Mara nyingi wanaofaulu ngazi hiyo hawafiki nusu ya waliokaa. Aliyeanguka kwa skolashipu analipia mwenyewe kurudia, au anaanza upya foleni ya kuomba. Ukiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza unaruhusiwa kuanza miezi 23 kabla ya kuhitimu, lakini kuruhusiwa si sawa na kuwa tayari. Dirisha la mtihani linaloangukia wiki za mitihani ya chuo liache lipite. Usisahau pia zile moduli za ujuzi wa vitendo, kama uundaji wa modeli za fedha au Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta): kila ngazi inadai ukamilishe moja, na usipokamilisha, matokeo yako yanazuiwa.

Hata ukimaliza ngazi zote, cheti cha CFA hakitoki bila saa 4,000 za kazi inayohusiana na maamuzi ya uwekezaji, zilizokusanywa kwa miezi isiyopungua 36. Skolashipu haikutafutii kazi hiyo. Kwa aliyekwisha kuamua, mwenye ratiba yake mkononi, ni skolashipu nzuri na fomu yake haichoshi. Kwa anayetaka kujua kwanza kama uchambuzi wa uwekezaji unamfaa, hii ni njia ghali ya kujaribu, kwa muda kuliko kwa pesa.

Upande wa uhasibu, ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, imeweka ulezi ndani ya sifa yenyewe ya kitaaluma inayoitoa, na hilo linastahili pongezi. Pamoja na mitihani, mwanafunzi hukusanya miezi 36 ya uzoefu na kukamilisha malengo 9 ya utendaji, ambayo lazima yasainiwe na msimamizi anayeijua kazi yake kwa macho. Wanafunzi wengi huyaacha malengo hayo mpaka mitihani iishe, kisha wanamtafuta msimamizi aliyekwisha hama kampuni. Andika lengo moja kila robo mwaka, lisainiwe kazi ikiwa bado mbichi. Jihadhari na kitu kingine: kusamehewa baadhi ya mitihani kwa sababu ya shahada kuna ada yake, na mfadhili anayeahidi "ada za mitihani" huenda asihesabu ada ya msamaha. Uliza kwa maandishi. Kwa kumbukumbu tu, chama kilichozaa ACCA kilimpokea Ethel Ayres Purdie mwaka 1909, wakati vyama vingine vya wahasibu vilikuwa bado vimefunga mlango kwa wanawake. Chama cha wahasibu wa Uingereza na Wales kilimpokea Mary Harris Smith mwaka 1920.

Kwa muundo, Girls Who Invest inawaacha wengine nyuma. Ilianzishwa mwaka 2015 na Seema Hingorani nchini Marekani, ikiwa na shabaha kwamba kufikia mwaka 2030 asilimia 30 ya mtaji wa uwekezaji duniani isimamiwe na wanawake. Programu yake ya kiangazi huwalenga wanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza: wiki 4 za darasa zito chuoni, halafu wiki 6 za mafunzo kwa vitendo yenye malipo ndani ya kampuni ya usimamizi wa uwekezaji. Hapo ndipo palipo siri. Darasa bila kazi hukupa cheti cha kupamba wasifu. Kazi bila darasa hukufanya mtu wa kupanga mafaili. Vikifuatana bila pengo, siku ya kwanza ofisini unajua tofauti ya hisa na hatifungani, na unaweza kuuliza swali la maana kwenye kikao. Kasoro yake ni uchache wa nafasi na lile dirisha la mwaka wa pili: msichana anayegundua fani hii akiwa mwaka wa tatu amekwisha chelewa. Anayetaka kuiomba aanze kujiandaa mwaka wa kwanza, na asisubiri awe amesoma somo la fedha, kwa sababu programu hupokea pia wanaosoma fani nyingine kabisa.

Forté, shirika la kuwainua wanawake katika biashara lililoanza mwaka 2001, ni la hatua ya juu zaidi: shahada ya uzamili ya biashara, MBA. Watu huikosea sana namna ya kuiomba. Ufadhili wa Forté Fellows hauombwi Forté. Unatolewa na vyuo wanachama, na chuo ndicho kinachomchagua mfadhiliwa kati ya walioomba kujiunga nacho. Hivyo maandalizi yako yote yaelekee kwenye maombi ya chuo: alama za mtihani wa kujiunga, insha, barua za mapendekezo. Omba raundi ya kwanza. Kufikia raundi za mwisho bajeti ya ufadhili ya vyuo vingi huwa imepungua, na mwombaji mzuri anaweza kupokelewa bila senti. Kiasi hutofautiana chuo kwa chuo, kwa hiyo linganisha kinachobaki baada ya punguzo, usilinganishe punguzo lenyewe. Chuo kinachokupa nusu ya ada kubwa kinaweza kukugharimu kuliko kinachokupa robo ya ada ndogo.

Zonta International, mtandao wa klabu za kuwainua wanawake, ina tuzo kwa wanawake wanaosoma biashara, iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Jane M. Klausman, kuanzia mwaka wa pili wa shahada ya kwanza hadi mwisho wa uzamili, bila kikomo cha umri. Maombi huanzia kwenye klabu ya Zonta, mshindi wa klabu hupandishwa ngazi ya wilaya, na wa wilaya hushindania ngazi ya kimataifa. Faida yake ni kwamba shindano la kwanza ni dogo. Kuna klabu zinazopokea maombi machache mno, na fomu iliyojazwa kwa uangalifu inafika mbali. Hasara ni kwamba kila klabu ina tarehe yake ya mwisho, na klabu nyingine hazina hata tangazo la maana. Waandikie wewe, mapema, uulize kama mwaka huu wanashiriki.

100 Women in Finance haihesabiki kama skolashipu. Ilizaliwa mwaka 2001 kama mtandao wa wanawake wa mifuko ya uwekezaji aina ya hedge, ikapanua wigo na kubadili jina. Thamani yake iko kwenye watu. Ukienda bila swali mahususi utarudi na picha za mikutano tu.

Sasa ulezi wenyewe, maana hapa ndipo programu nyingi huahidi sana na kutoa kidogo. Mlezi wa kitaaluma, au menta kama wengi wanavyomwita, si mtu wa kukutia moyo. Moyo utatiwa na mama na marafiki. Mlezi wa fedha kazi yake ni kusoma kazi yako na kukuonyesha palipo na kasoro.

Angalia kikao kimoja cha dakika 50 kinavyotakiwa kwenda. Mlezi anauliza swali la kawaida la usaili kuhusu uchakavu, yaani gharama ya mali kupungua thamani kwa kutumika: "Uchakavu ukiongezeka kwa 10 na kodi ni asilimia 30, nini kinatokea kwenye taarifa tatu za fedha?" Mwanafunzi anajibu kwamba faida inashuka kwa 10. Kosa: amesahau kodi. Faida kabla ya kodi inashuka kwa 10, kodi inapungua kwa 3, faida halisi inashuka kwa 7. Anaendelea kwenye mtiririko wa fedha: unaanza na hasi 7, unarudisha 10 kwa kuwa uchakavu haukutoa pesa mfukoni, fedha taslimu zinapanda kwa 3. Mizania: fedha zimepanda 3, mali za kudumu zimeshuka 10, upande wa pili faida iliyolimbikizwa imeshuka 7. Pande zote hasi 7, mizania imekaa sawa. Mlezi wa kawaida anasema "vizuri" na kuhamia swali lingine. Mlezi mzuri anabaki hapo hapo: "Kwa nini pesa zimeongezeka ilhali faida imeshuka?" Mwanafunzi akishindwa, amekariri. Jibu ni kwamba kodi iliyookolewa ni pesa halisi, na uchakavu si pesa. Akilielewa hilo, swali likibadilishwa kuwa riba au hesabu ya bidhaa ghalani hatababaika. Dakika kumi na tano juu ya swali moja, na bila shaka ni dakika zenye faida kuliko mihadhara mitatu ya kujiamini.

Programu ya ulezi inayofaa ina miezi 6 hadi 9, kikao kila wiki mbili au tatu, na kazi ya kupeleka kabla ya kila kikao: ukurasa mmoja wa uchambuzi wa kampuni, modeli ya Excel, wasifu, usaili wa majaribio. Kazi itumwe siku mbili kabla. Kikao kinachoanza na "haya, unaendeleaje?" bila karatasi mezani huisha kwa maongezi, na baada ya vikao vitatu vya namna hiyo mmoja wenu ataanza kuahirisha. Ulezi mwingi hufa kwenye kikao cha tatu au cha nne. Hakuna ugomvi wowote hapo. Hamna tu cha kufanya pamoja.

Kabla ya kujiunga, uliza waandaaji mambo haya: Walezi huchaguliwaje, kwa kazi wanayofanya au kwa yeyote aliyejitolea? Mtu wa mikopo ya benki ni mwema, lakini hawezi kukusahihisha modeli ya thamani ya kampuni. Je, mlezi anaweza kuwa bosi wako wa moja kwa moja? Jibu liwe hapana, kwa sababu hutamwambia bosi kwamba huelewi. Pakitokea kutoelewana, mlezi hubadilishwaje, na ndani ya siku ngapi? Na la mwisho, kati ya waliomaliza mwaka jana, wangapi wako kazini kwenye fani? Mwandaaji asiyehesabu hilo huhesabu picha za mahafali.

Turudi kwenye fomu, kwani humo ndimo wengi wanakoanguka kabla hawajaonwa. Insha nyingi hufungua hivi: "Tangu utotoni nimeipenda fedha na natamani kuwawezesha wanawake wenzangu." Msomaji wa maombi amekutana na sentensi hiyo mara mia kabla ya chakula cha mchana. Ilinganishe na hii: "Nilisoma taarifa za miaka 3 za kampuni ya saruji. Mauzo yalikua kila mwaka, lakini fedha taslimu za uendeshaji zilishuka, kwa sababu wateja walikuwa wakikopeshwa kwa muda mrefu zaidi. Nataka kujifunza kutambua ukuaji wa namna hiyo kabla ya soko." Sentensi tatu, na mwombaji ameonyesha kwamba anafungua taarifa za fedha kwa hiari yake. Haihitaji kipaji, inahitaji jioni mbili na ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote iliyo kwenye soko la hisa, ambayo hupatikana bure.

Barua za mapendekezo ziombwe wiki 4 kabla. Mpe mwalimu au msimamizi ukurasa mmoja: programu ni ipi, inatafuta nini, kazi gani uliifanya chini yake na ulipata alama gani. Mifumo mingi hutuma kiungo kwa mwandishi moja kwa moja, na barua pepe hiyo hupenda kuingia kwenye taka. Mkumbushe siku 10 kabla na umwambie aangalie huko. Tarehe ya mwisho nayo ina mtego wake kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri: 11:59 ya usiku kwenye fomu ni saa 5:59 usiku kwetu, tena kwa saa za eneo lililotajwa, si za ukutani kwako. Tuma siku mbili mapema, na mtego wote huo haukuhusu.

Ukishinda, soma mkataba kabla ya kushangilia hadharani. Tafuta sentensi nne. Kwanza, pesa inalipwa chuoni moja kwa moja, au unalipa wewe na kurejeshewa? Ya kurejeshewa humfaa mwenye akiba tu, na mwenye akiba siye aliyelengwa. Pili, wastani wa alama unaotakiwa: ukishuka muhula mmoja unaonywa au unakatwa? Tatu, sarafu. Posho ikiwa kwa sarafu moja na ada kwa nyingine, kupanda kwa dola ni juu yako. Nne, sharti la kumtumikia mfadhili kwa miaka kadhaa, na adhabu ya kuondoka mapema. Sharti hilo si baya lenyewe, kwani miaka miwili ya kazi ya uhakika ni kitu. Baya ni pale adhabu inapozidi ufadhili uliopokea. Na anayekutoza "ada ya kuchakata" ili akutumie pesa za skolashipu uliyokwisha shinda, huyo ni tapeli. Kata mawasiliano naye.

Ulezi unapofika mwisho, kuna ombi moja ambalo wanafunzi huliona aibu na ambalo walezi wengi hulisubiri: kutambulishwa kwa watu wawili. Mlezi anakushauri ukiwa mbele yake. Unayemhitaji sasa ni wa kulitaja jina lako kwenye chumba ambacho hujaalikwa. Usimwombe "anikumbuke". Mwandikie wewe aya ya mistari minne ambayo ataibandika na kutuma: jina na mwaka wa masomo, kazi moja uliyoifanya pamoja naye na matokeo yake, aina ya nafasi unayotafuta, na tarehe utakayokuwa huru kuanza. Wasifu uambatanishwe kama PDF, na jina la faili liwe jina lako, siyo "CV mpya mwisho 3".